Je, mtoto akifikisha miaka saba ni wa baba?

SWALI: Mimi ni Mluguru, naishi Morogoro mjini. Mume wangu ni Mchaga wa Marangu. Tulifunga ndoa kanisani, tukatengana mwaka juzi, mahakamani hatujafika. Tuna mtoto mmoja wa kiume, Januari anatimiza miaka saba. Mama mkwe amenipigia simu, anasema nimwandae kwa sababu wanakuja kumchukua: "Sheria inasema chini ya saba ni wa mama, akivuka ni wa baba." Bibi yangu mzaa mama anacheka tu, anasema kwetu mtoto hajawahi kuwa wa baba. Nani yuko sahihi? Hiyo saba aliitunga nani? Na tukifika mahakamani, mimi sina kazi ya mshahara na nyumba kajenga yeye. Si nitaonekana siwezi kulea? – Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, nianze na lile linalokunyima usingizi. Hakuna sheria Tanzania Bara inayosema mtoto akitimiza miaka saba anakabidhiwa kwa baba yake. Haimo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, wala katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mkweo hajaitunga kichwani, maana saba kweli imo kwenye sheria, ila ameisoma kinyume.

Iko kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa. Kinasema hivi, kwa maneno yangu: mtoto akiwa chini ya miaka saba, mahakama ianze kwa kuchukulia kwamba ni heri akae na mama. Dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Hapo hapo hakimu anaambiwa apime pia madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono hii kwenda ile. Kuhusu saba kinaishia hapo. Juu ya mtoto wa miaka saba na kuendelea hakisemi ni wa baba. Kinachotokea siku ya kutimiza saba ni kwamba ile nafuu ya mama kuanza mbele inaondoka, na wazazi wote wawili wanasimama mstari mmoja, kila mtu na ushahidi wake.

Najua kwa nini watu wengi wanaamini alivyoamini mkweo. Nimesoma hukumu za mahakama za chini zilizoandika kabisa kwamba mtoto abaki kwa mama hadi miaka saba "kisha akabidhiwe kwa baba yake", kana kwamba kuna ratiba. Hukumu za namna hiyo zikikatiwa rufaa na kusomwa na jaji makini hupata taabu kusimama, lakini wanaokata rufaa ni wachache. Nyingi zinabaki zilivyo, na mtaani zinageuka kuwa "sheria inasema".

Sasa, saba aliitunga nani? Hapa itabidi univumilie, kwa sababu jibu linaanzia mbali, Uingereza, ambako sehemu kubwa ya lugha ya sheria zetu za ndoa imetoka. Na Uingereza ya miaka 200 iliyopita ungefikiri ni mkweo aliyeitawala.

Kule mtoto wa ndoa alikuwa wa baba, basi. Si baada ya saba, ni tangu anazaliwa. Mwaka 1804 ilifika mahakamani London kesi ya Mfaransa mmoja, de Manneville, aliyekuwa ametengana na mkewe Mwingereza. Mtoto wao wa kike alikuwa na miezi minane. Baba aliingia kwa nguvu alikokuwa mama, akamchomoa mtoto akiwa ananyonya, akaondoka naye karibu uchi kwenye gari la farasi lisilo na paa, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mama akaomba mahakama imrudishie. Jaji Mkuu Ellenborough akasema baba ndiye mwenye haki ya mtoto kisheria, na haikuonyeshwa kwamba ameitumia vibaya. Mtoto akabaki kwa baba. Ndivyo sheria ilivyokuwa katika nchi ambayo baadaye ilikuja kutufundisha sisi ustaarabu wa ndoa.

Aliyeitikisa sheria hiyo alikuwa mwandishi, Caroline Norton, mjukuu wa Sheridan yule mtunzi wa tamthilia. Aliolewa mwaka 1827 na mwanasheria mbunge, George Norton, mtu mwenye deni na mkono mwepesi wa kupiga. Wakapata watoto watatu wa kiume. Mwaka 1836, katika ugomvi wao wa mwisho, Caroline alitoka kwenda kwa dada yake. Nyuma huku mume akaamuru watoto waondolewe nyumbani. Mkubwa alikuwa na miaka sita kama Baraka wako, wa mwisho miwili. Mama akaanza kuwatafuta nyumba hadi nyumba. Wanasheria aliowauliza walimpa jibu moja: hata kuwaona ni hisani ya mumeo.

Kisha George akafungua kesi ya ugoni. Neno hilo unalijua. Alimdai waziri mkuu wa wakati huo, Lord Melbourne, pauni 10,000 kwa madai kwamba amelala na mkewe. Kesi ilisikilizwa siku moja, Juni 1836, na wazee wa baraza la mahakama wakaitupa bila hata kutoka kwenda kushauriana. Lakini tazama Caroline alikuwa wapi katika kesi hiyo: hakuwepo. Yalikuwa madai ya mwanamume dhidi ya mwanamume juu ya mke, naye mke hakuwa mdai wala mdaiwa, kwa hiyo hakuruhusiwa kusema neno. Jina lake lilichafuliwa magazetini. Na kwa kuwa mume alishindwa kuthibitisha ugoni, ndoa nayo haikuweza kuvunjwa: akabaki mke wa mtu asiyekaa naye, bila watoto.

Alichokuwa nacho ni kalamu. Akaandika vijitabu kueleza hali ya mama aliyetenganishwa na wanawe, akavisambaza kwa wabunge. Mbunge mmoja mwanasheria, Thomas Talfourd, akapeleka muswada. Mwaka 1838 Baraza la Malords, chumba cha juu cha Bunge lao, likaukataa. Mwaka 1839 ukapita. Na hapo, Mama Baraka, ndipo unapoikuta saba yako: mama aliyetengana na mumewe sasa angeweza kuiomba Mahakama ya Chancery impe mtoto aliye chini ya miaka saba, na aruhusiwe kuwaona wale walio chini ya kumi na sita. Awe hajathibitika kuzini. Na awe na fedha, kwa sababu mahakama hiyo haikuwa ya mfuko mwepesi.

Kwa macho ya leo ni kitu kidogo. Kwa wakati ule, ilikuwa mara ya kwanza Bunge la Uingereza kukubali kwamba mama ana cha kudai juu ya mtoto wa ndoa. Caroline mwenyewe haikumfaa. Ilipopita, ni yule mdogo peke yake aliyekuwa bado hajafika saba, na George alikwishawapeleka watoto Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 huyo mdogo, William, alianguka kutoka juu ya farasi, jeraha likaharibika. Mama alitumiwa habari. Alipofika mtoto amekwisha kufa. Ndipo George akalegeza, akawaruhusu wale wawili waliobaki wakae na mama yao kwa vipindi.

Ndiyo maana nasema mkweo ameisoma saba kinyume. Pale ilipoanzia, saba ilikuwa kipande kidogo kilichomegwa kutoka haki ya baba ambayo ilikuwa haina mpaka, akapewa mama. Ukisema "akivuka saba ni wa baba" unarudi kwenye ile hali ya kabla ya kumegwa, ambayo hata Waingereza wenyewe wameshaiacha. Mwaka 1873 umri ulipandishwa hadi kumi na sita na lile sharti la uzinzi likaondolewa. Mwaka 1886 mama akatambuliwa kuwa mlezi baba akifa, na mahakama ikaambiwa itazame ustawi wa mtoto. Mwaka 1925 ustawi wa mtoto ukawekwa mbele ya yote. Kwenye vitabu usawa kamili wa mama na baba ulisubiri hadi mwaka 1973, miaka miwili baada ya Sheria yetu ya Ndoa.

Talaka nayo ilikuwa na safari yake. Kabla ya 1858 Mwingereza aliyetaka talaka ya kweli, ya kumruhusu kuoa tena, ilimbidi apitishiwe sheria na Bunge kwa jina lake mwenyewe. Walipata watu mia tatu na kitu katika miaka zaidi ya 150, na kati yao wanawake walikuwa wanne. Sheria ya 1857 ikahamishia talaka mahakamani, ila kwa mizani mbili: mume alitosheka kuthibitisha kwamba mke amezini, wakati mke alipaswa kuthibitisha uzinzi pamoja na jambo jingine zito juu yake, kama ukatili au kutelekezwa miaka miwili. Waingereza waliufuta upendeleo huo mwaka 1923. Kumbe nakala yake walikwisha kuipanda Uganda mwaka 1904, na huko ikaendelea kutumika hadi Machi 2004, pale wanasheria wanawake wa FIDA walipokwenda Mahakama ya Katiba ikatamkwa kuwa batili. Mwanamke wa Kampala alikuwa anahukumiwa kwa mizani ambayo mwanamke wa London aliiona mara ya mwisho wakati babu zetu ni vijana.

Usidhani basi kwamba kila kitu kizuri kilitoka Ulaya kwa meli. Saba iko pia upande wa pili, na pwani yetu ilikuwa ikiijua kabla ya Caroline Norton kuzaliwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mama ndiye wa kwanza katika malezi ya mtoto mdogo. Mtoto akifikia umri wa kupambanua, unaohesabiwa kuwa kama miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Gharama wakati wote ni za baba. Kuna masharti yanayombana mama, kubwa likiwa kwamba akiolewa na mwanamume asiye ndugu wa mtoto huweza kuipoteza haki hiyo. Hata hivyo, linganisha: mwaka 1840 mke wa Kiislamu Mombasa au Unguja alikuwa na mali yake mwenyewe asiyoshirikiana na mume, na akishindwa na ndoa aliweza kwenda kwa kadhi kudai fasakhi, yaani kadhi aivunje ndoa, au akajivua kwa khului kwa kurudisha mahari. Mke wa kawaida wa Kiingereza mwaka huo huo hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Hadi leo, ukiingia mahakama ya kadhi Zanzibar au pwani ya Kenya, wengi wanaofungua kesi ni wanawake.

Kwa hiyo wataalamu walipokaa kuandika sheria moja ya ndoa kwa Watanzania wote, saba ilikuwa namba inayoeleweka kwa wakili aliyesoma London na kwa shehe wa Bagamoyo, ingawa kila mmoja aliielewa kivyake. Na angalia kwamba hata kwa shehe, saba haimkabidhi mtoto kwa baba. Inampa mtoto mdomo.

Waliobaki bila saba ni bibi yako na mkweo, na wote wawili wanazungumza kutoka kwenye mila zenye mantiki yake. Uluguruni ukoo hufuata mama. Mtoto ni wa lukolo ya mama yake, mjomba ndiye mwenye sauti, na ardhi ya ukoo ilipita upande huo. Ndoa ikivunjika hakukuwa na cha kugombea. Baba alikuwa mgeni aliyekuja kuoa. Bibi yako ana haki ya kucheka. Uchagani ni kinyume chake: mtoto wa kiume ni mrithi wa kihamba, shamba la ukoo, na kihamba hakitoki nje ya ukoo wa baba. Mama mkwe anapomtaka Baraka hadhani anakuibia. Anaona mrithi anakulia ugenini. Kwa makabila mengi ya upande huo, ng'ombe au mbege ya mahari ndiyo iliyowaunganisha watoto na ukoo wa baba. Palipokosekana mahari, watoto walihesabiwa kwa babu mzaa mama. Na mwanamke aliyetaka kuondoka kwenye ndoa aliangalia kwanza kama baba yake na kaka zake wako tayari kurudisha kilichopokelewa, ambacho mara nyingi kaka alikwisha kukitumia kuolea. Wanawake wangapi walirudishwa kwa waume waliowapiga kwa sababu ya hesabu hiyo ya ng'ombe, hakuna aliyeandika.

Mwaka 1963 serikali ilikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ikazitangaza kuwa kanuni zilizoandikwa. Humo watoto wa ndoa ni wa baba. Matangazo hayo bado yapo, na ndiyo yanayonukuliwa na wazee wa ukoo wanapokuja na karatasi mkononi. Lakini juu yake imekuja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na panapogongana yeye ndiye mkubwa.

Sheria hiyo ina kisa cha ajabu kidogo. Mwaka 1967 Kenya iliunda tume chini ya Jaji Spry itengeneze sheria moja ya ndoa na talaka kwa dini na makabila yote. Ripoti ikatoka 1968. Wakenya wakaipeleka bungeni ikakwama, wakairudisha ikakwama tena, wabunge wengine wakilalamika kwamba inamnyima mume haki ya kumchapa mkewe. Tanzania ikaichukua kazi ile ile, ikatoa waraka wa serikali mwaka 1969 wananchi waujadili, na mwaka 1971 ikapitisha. Wakenya walipika, sisi tukala. Wao wamekuja kupata sheria yao moja ya ndoa mwaka 2014. Ya kwetu imekuwa na aibu zake, mojawapo ile ya kumruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, ambayo Mahakama ya Rufani iliikataa mwaka 2019. Lakini kwa mwaka 1971 ilikuwa mbele ya nchi nyingi. Ilisema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Iliweka sababu moja ya talaka kwa mke na mume: ndoa kuvunjika kiasi kisichorekebishika. Hata fidia ya ugoni, ile silaha ya George Norton, iliipa pande zote mbili, ukitaka na wewe unaweza kumshtaki mwanamke aliyemchukua mumeo. (Sikushauri. Ni kesi za kuchosha na huwa zinawafaidisha mawakili.)

Turudi kwenye kifungu cha 125, maana mpangilio wake ndio unaoamua ugomvi wa bibi na mkweo. Kinasema jambo kuu ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo hakimu aangalie matakwa ya wazazi, kisha matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, kisha desturi za jamii wanayotoka wazazi. Mila haikufukuzwa, ila imekalishwa kiti cha nyuma. Na kwenu ninyi kuna mila mbili zinazovutana, kwa hiyo hakimu akizisikiliza zote zinakaribia kufutana. Kingine: mtoto anapewa baba au mama. Ndugu mwingine, babu na bibi wakiwemo, hupewa katika mazingira ya pekee tu. Mama mkwe hawezi kudai Baraka kwa jina lake. Mumeo akija na hoja, swali la kwanza la hakimu litakuwa ni nani hasa atakayekaa na mtoto: yeye, au anamchukua kwenda kumwacha Marangu kwa bibi wakati yeye yuko kazini mji mwingine? Wanaume wengi wanajikwaa hapo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongezea uzito upande huo huo. Inaitaka mahakama izingatie maslahi ya mtoto na umuhimu wa kuwa na mama yake, isikilize maoni ya mtoto, na itazame kutovunja mwendelezo wa maisha yake. Haikutaja saba kama geti. Kivitendo afisa ustawi wa jamii huagizwa kufika nyumbani kwako na kwa mumeo, kuongea na majirani na mwalimu, na kuandika ripoti. Hakimu mzuri humwita mtoto ofisini kwake wazazi wakiwa nje, akamwuliza kuhusu shule na rafiki zake kabla ya kufika kwenye swali lenyewe.

Sasa hofu yako ya mwisho, ya kwamba huna mshahara wala nyumba. Hofu hii ni ya zamani kuliko sheria yoyote niliyoitaja. Caroline Norton aliishi kwa kuandika, na kwa sheria ya wakati wake malipo ya vitabu vyake yalikuwa mali ya mume aliyemnyang'anya watoto. Mke Mwingereza alianza kumiliki mshahara wake mwaka 1870 na mali yake yote mwaka 1882. Haki ya kulea bila haki ya mali ni nusu ya haki; hakimu anakupa mtoto asubuhi, jioni huna pa kumlaza.

Kwetu jambo hili lilijibiwa mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja igawanywe kwa kutazama mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Mahakama zilikuwa zimegawanyika: je, kupika, kufua na kulea ni "kazi"? Mahakama za chini zilimwambia Bi Hawa kwamba yeye alikuwa mama wa nyumbani, alikuwa anatimiza wajibu wa mke. Mahakama ya Rufani, akiandika Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema hapana, kazi za nyumbani ni mchango. Kila mwanasheria Tanzania anaijua hukumu hiyo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mahakama ilikuta kwamba mume alimpa fedha za kuendeleza familia naye akazitapanya, kwa hiyo fungu lake alikwisha kulila. Akawafungulia mlango wengine.

Kwa hiyo nyumba iliyojengwa mkiwa katika ndoa si "yake" kwa sababu tu risiti za saruji zina jina lake. Usitegemee pia kwamba utapata nusu moja kwa moja, mahakama hupima. Kumbuka ulichofanya wakati wa ujenzi, ukiandike: nani alisimamia mafundi, nani alipika chakula cha vibarua, nani alibaki na mtoto mume akiwa safarini, duka au bustani yako ililipa nini.

Na kipato kidogo peke yake hakimwondolei mama mtoto. Hukumu humgawia mmoja kuishi na mtoto na mwingine kulipa matunzo, na wajibu wa baba kutunza mtoto haufi kwa sababu mtoto hakai kwake. Ni eneo ambalo tulichelewa mno. Hadi mwaka 2009, kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, tulikuwa na sheria ya mkoloni iliyoweka kikomo cha matunzo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mama alishinda kesi, akapewa hela isiyotosha nauli ya daladala ya kwenda kuichukua. Sheria ya Mtoto iliifuta. Sasa mahakama hutazama kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto.

Ufanye nini kabla ya Januari? Kutengana kwenu mnakokujua ninyi na ndugu hakuna karatasi, na mradi hakuna amri ya mahakama, hata mumeo ana haki sawa na zako juu ya mtoto. Udhaifu wako uko hapo, haupo kwenye miaka saba. Akija kumchukua likizo asimrudishe, polisi watakwambia ni mambo ya kifamilia. Kwa hiyo usisubiri wao waanze. Kama unataka talaka, anza na baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dhehebu lenu. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati, Fomu Namba 3, ambayo bila yake kesi ya talaka kwa kawaida haipokelewi. Halafu unafungua shauri, hata Mahakama ya Mwanzo inatosha, ukiomba talaka, mgawanyo wa mali, kukaa na mtoto na matunzo kwa pamoja. Kama talaka hujaiamua, maombi ya kukaa na mtoto na matunzo yanaweza kwenda peke yake Mahakama ya Watoto. Pitia kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Huna hela ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria; tangu mwaka 2017 wana sheria yao na wamesajiliwa.

Kusanya rekodi ya shule ya Baraka, kadi yake ya kliniki, jina la mwalimu wake wa darasa, ujumbe wa simu unaoonyesha nani ameomba hela ya sare na nani ametuma au hakutuma. Hivyo vitamsaidia hakimu kuona maisha ambayo sheria inamkataza kuyavuruga hovyo.

Na usimfiche mtoto. Nimeona akina mama wenye kesi nzuri wakiiharibu hapo: wanabadilisha namba, wanamhamisha shule kimyakimya, baba akija anaambiwa mtoto amesafiri. Mahakama ikiona hivyo inaanza kujiuliza ni mzazi gani atakayemruhusu mtoto awe na wazazi wawili. Mpigie mama mkwe, mwambie Baraka atakwenda Marangu Krismasi, tarehe hii kwenda na tarehe hii kurudi, na shule inafunguliwa Januari. Kisha tarehe hizo uzitume pia kwa mumeo kwa maandishi, umwombe ajibu.